Livre 240 Zilizobaki: Kisa cha Jean de Joinville, Kabaila wa Vita vya Msalaba, 1248–1254

Mwaka 1248, kisiwani Kupro, Jean de Joinville alimaliza kulipa nauli ya merikebu iliyomtoa Marseille, akahesabu fedha zake na kukuta amebakiwa na livre 240. Umri wake ulikuwa kama miaka 23. Alikuwa ametoka Ufaransa na askari farasi 9, yeye wa 10, na wawili kati yao walikuwa na haki ya kupeperusha bendera zao wenyewe. Kila mmoja alikuja na watumishi na farasi wa kulishwa. Vita vyenyewe, vya Wakristo wa Ulaya dhidi ya Waislamu wa Mashariki, havijaanza, na baadhi ya askari hao walikwisha kumwambia waziwazi kwamba asipopata fedha watamwacha.

Tumechagua kisa hiki kwa ajili ya vijana kwa sababu kinaonyesha kazi ya kabaila wa msalaba ilivyokuwa siku kwa siku. Upanga aliuchomoa siku chache. Siku zilizobaki alikuwa mlishaji, mlipaji, mwamuzi na mdhamini wa watu waliomfuata, na aliposhindwa hapo, ushujaa wake wa vitani haukumsaidia kitu.

Habari zake tunazipata kutoka kwake mwenyewe. Uzeeni aliandikisha maisha ya Louis wa Tisa, mfalme wa Ufaransa, kazi iliyokamilika 1309. Bei na idadi nyingi zilizomo humu ni za kumbukumbu za mzee wa miaka zaidi ya 80, kwa hiyo zisomwe hivyo. Livre 1 ilikuwa sou 20, na sou 1 ilikuwa denier 12.

Mkoba ulivyojazwa, na ulivyotoboka

Joinville ni mji mdogo kando ya mto Marne, katika jimbo la zamani la Champagne, Ufaransa. Jean alikuwa bwana wa ngome ya hapo na pia seneshali wa Champagne, cheo cha kurithi cha msimamizi wa nyumba ya mtawala wa jimbo. Baba yake, Simon, alikufa 1233, Jean akiwa bado mtoto. Babu yake alifia Akka, mji wa bandari wa pwani ya Palestina, wakati wa mzingiro wa Vita vya Tatu vya Msalaba, na baba yake alipigana Damietta, Misri, katika Vita vya Tano. Mfalme Louis alipojitwika msalaba, yaani alipoapa kwenda vita hivyo, Desemba 1244, baada ya kunusurika ugonjwa uliokaribia kumuua, kijana wa ukoo kama huo asingeweza kubaki nyumbani bila kusemwa.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa la mirathi. Mama yake alikuwa hai na alishika fungu lake la mjane, hivyo ardhi iliyokuwa mikononi mwa Jean ilimwingizia chini ya livre 1,000 kwa mwaka. Kwa kipato hicho alitaka kuongoza kikosi nje ya nchi kwa muda usiojulikana.

Wakati wa Pasaka ya 1248 aliwaita Joinville watu wake wote na makabaila wadogo waliomwapia utii. Mkesha wa Pasaka mke wake alijifungua mtoto wa kiume, na juma lile lilikuwa la karamu na ngoma. Ijumaa aliwaambia kwamba anakwenda ng'ambo na hajui kama atarudi. Mwenye dai lolote dhidi yake aliseme, alipwe. Kisha akatoka nje ya baraza ili wazungumze bila kumwonea haya, na walichoamua akakitekeleza bila kubisha. Safari hizi zilihesabiwa kuwa hija, na anayekwenda hija akiwa na mali ya dhuluma mkononi alijua hija yake ina kasoro. Papo hapo kulikuwa na faida ya kidunia: bwana anayeondoka akiacha manung'uniko nyuma yake huacha mlango wazi kwa adui wa jirani.

Kwa kuwa hakutaka kuchukua hata denier moja isiyo haki yake, alikwenda Metz akaweka rehani sehemu kubwa ya ardhi yake. Hapa ndipo hesabu yake ilipoanza kuvuja. Kwa desturi ya rehani za enzi zile mazao ya ardhi yalikwenda kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Jean alipata fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, lakini hakubakiwa na mfereji wa kumletea nyingine huko mbele. Kila siku ya kuchelewa ingemla mtaji.

Jambo jingine la wakati ule litakuwa na uzito baadaye. Mfalme aliwakusanya makabaila Paris waape kuwa watiifu kwa watoto wake endapo yeye angekufa safarini. Jean alikataa kuapa, kwa sababu bwana wake wa kiapo alikuwa mtawala wa Champagne, si mfalme. Aliondoka basi akiwa mtu huru wa kujigharimia, na hakuwa na haki ya kudai chochote kutoka hazina ya mfalme.

Gharama zenyewe zilikuwa nzito. Askari farasi alivaa deraya ya pete za chuma yenye uzito wa kilo 10 hadi 15, vazi la pamba lililoshonwa kwa tabaka chini yake, na kofia ya chuma. Akabeba ngao, mikuki na panga. Farasi mkubwa wa vita hakuchoshwa kwa safari, bali aliongozwa kwa hatamu huku mwenyewe akipanda mwingine, na mizigo ikabebwa na wanyama wengine. Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 za maji kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Zidisha hayo kwa kikosi kizima, ongeza mahema, nafaka, mapadri na wapishi, utaona kwa nini livre ziliyeyuka.

Siku ya kuondoka alipokea fimbo na mkoba wa hija kutoka kwa abate (mkuu wa watawa) wa Cheminon, akatoka ngomeni peku, amevaa shati tu, kuzuru makanisa ya jirani. Anasema hakugeuza uso kuitazama Joinville, asije akalegea moyo kwa ajili ya ngome yake nzuri na watoto wawili aliowaacha.

Njia na bahari

Alipunguza gharama kwa kukodi merikebu moja pamoja na binamu yake, bwana wa Apremont, ambaye naye alikuwa na kikosi cha watu 10. Shehena ilikwenda kwa mikokoteni hadi Auxonne, ikapakiwa kwenye mashua za mto Saône mpaka Lyon, kisha ikateremka mto Rhône hadi Arles. Farasi wa vita waliongozwa ukingoni sambamba na mashua.

Huko Marseille, Agosti 1248, farasi waliingizwa kwa mlango uliokatwa ubavuni mwa merikebu. Walipokwisha kuingia mlango ulifungwa na kutiwa kalafati sawasawa, kwa maana merikebu ikiwa baharini na shehena yake, mlango huo unakuwa chini ya maji. Yeyote aliyewahi kuona mafundi wa majahazi wakishindilia pamba na mafuta kwenye mianya ya mbao ataelewa roho za watu 20 na farasi wao zilikuwa mikononi mwa nani. Kisha nahodha aliwaita mapadri waimbe, matanga yakafunguliwa, na muda si mrefu nchi kavu ikatoweka.

Mbele ya pwani ya Afrika Kaskazini walikwama. Jioni waliona mlima wa mviringo, wakasafiri usiku kucha wakidhani wamekwenda mbali sana, na asubuhi mlima ukawa pale pale. Ikatokea hivyo mara mbili au tatu, na mabaharia waliogopa kwa kuwa ilikuwa nchi ya mahasimu wao. Padri mmoja alishauri maandamano ya sala kuizunguka milingoti kwa Jumamosi tatu. Jean alikuwa mgonjwa sana hata akazungushwa akishikiliwa mikono. Mlima haukuonekana tena, na Jumamosi ya tatu wakafika Kupro.

Kupro: mwajiriwa wa mfalme

Mfalme alikuwa amefika kabla yao, na maandalizi yake yalikuwa ya miaka miwili. Mapipa ya mvinyo yalipangwa shambani yakaonekana kwa mbali kama maghala. Ngano na shayiri zilimwagwa kwa vilima. Mvua ilipozinyeshea, tabaka la juu lilichipua majani ya kijani, lakini walipoliondoa walikuta nafaka ya chini ni kavu na safi kana kwamba imepurwa jana.

Jean hakuwa na ghala la namna hiyo. Alikuwa na livre 240 na vitisho vya askari wake. Askari hao wasilaumiwe haraka. Mkataba kati ya bwana na askari wake ulikuwa wa pande mbili: huyu hutoa mwili wake, yule hutoa chakula, farasi na malipo. Bwana asiyeweza kulisha alikuwa amevunja upande wake.

Mfalme alipata habari, akamwita katika mji wa Nicosia, akamwajiri na kumwekea livre 800 sandukuni. Jean anasema akawa na fedha kuliko alizohitaji. Kijana aliyekataa kuapa Paris sasa alikuwa mtu wa mshahara wa mfalme, na kikosi chake kilisalimika. Louis naye alipata kikosi kilichokwisha kuvuka bahari, bila kumgharimu nauli. Makabaila wengi waliofika wakiwa wamekaukiwa waliokolewa hivyo hivyo, na hiyo ni moja ya sababu jeshi lile lilishikamana.

Misri: mambo yalipoharibika

Walishuka pwani ya Damietta tarehe 5 Juni 1249. Jean na wenzake walichomeka ncha za ngao zao mchangani na vitako vya mikuki chini, ncha zikiwaelekea wapanda farasi wa Misri, nao wakageuza njia. Kesho yake mji ulikutwa mtupu.

Ushindi huo wa haraka ulizaa kosa la kwanza. Mto Nile ulikuwa unakaribia kufurika na mfalme alitaka kumsubiri ndugu yake Alphonse, hivyo jeshi lilikaa Damietta zaidi ya miezi mitano, hadi 20 Novemba. Makabaila wakala karamu za kupita kiasi. Maafisa wa mfalme walipangisha vibanda vya biashara kwa kodi kubwa mno, na wafanyabiashara wa nchi nyingine waliposikia hawakuja. Jeshi linalokwenda nchi ya ugenini halina adui mbaya kuliko soko linalokosa bidhaa, na hili walijiletea wenyewe.

Novemba hiyohiyo Sultani wa Misri, as-Salih Ayyub, alifariki. Mke wake, Shajar al-Durr, aliificha habari ya kifo, akaendesha amri pamoja na jemadari Fakhr ad-Din mpaka mrithi, Turanshah, alipofika. Wavamizi walitegemea Misri isiyo na kichwa. Wakakuta nchi inayoongozwa na mwanamke mwenye akili tulivu na askari wa Kimamluki, watumwa waliolelewa kuwa wanajeshi, waliofunzwa vizuri kuliko wao.

Karibu na mji wa Mansura njia ilikatwa na tawi la mto. Wafaransa walijenga tuta la kuvukia, wakiwalinda wajenzi kwa minara ya mbao. Wamisri waliichoma kwa moto wa Kiyunani, yaani mchanganyiko unaowaka uliorushwa kwa mitambo, ambao Jean anasema ulikuja mkubwa kama pipa, na mkia mrefu kama mkuki, ukinguruma kama radi. Mbao za kujengea upya zilitoka kwenye merikebu zao wenyewe, zenye thamani ya zaidi ya livre 10,000, nazo zikateketea. Hatimaye Mbedui mmoja alilipwa bezanti 500, sarafu za dhahabu, kuwaonyesha kivuko.

Walivuka 8 Februari 1250. Amri ilikuwa kwamba kikosi cha mbele kisubiri wengine wavuke. Robert wa Artois, ndugu wa mfalme, hakusubiri. Alivurumiza farasi hadi ndani ya mji, na katika vichochoro hivyo yeye na karibu wote aliowaongoza waliuawa. Mashujaa wa Hekalu, shirika la watawa waliokuwa pia askari, walipoteza wapanda farasi 280 kwa hesabu ya Jean. Baadaye siku hiyo Jean alilinda daraja dogo kwa kujikinga na vazi la pamba aliloliokota. Alichomwa mishale mitano, na farasi wake akachomwa 15. Siku moja kabla, kwenye mazishi ya mwenzao, askari farasi wake sita walikuwa wakipiga soga kwa sauti padri akisali, hata Jean akawakemea. Baada ya vita ile wote sita walikuwa wameuawa au wana majeraha ya kufa.

Kisha Wamisri wakakata njia ya mto: mashua zilizoleta chakula kutoka Damietta zilikamatwa karibu 80. Kiseyeye kikaingia kambini. Nyama za miguu zilikauka, ngozi ikapata madoa meusi, fizi zikaota nyama mbovu ambayo vinyozi waliikata ili mgonjwa aweze kutafuna. Leo tunajua kiseyeye hutokana na kukosa vitamini C, yaani matunda na mboga mbichi. Wao walilaumu samaki wa mtoni waliokula maiti, na hewa ya nchi. Ilikuwa Kwaresima, hivyo nyama hawakula, na samaki hao ndio waliokuwapo. Kufikia Pasaka ng'ombe mmoja aliuzwa livre 80, kondoo 30, nguruwe 30, yai moja denier 12. Zile livre 800 za Kupro zingenunua ng'ombe 10.

Mateka na mizani

Jeshi lilianza kurudi nyuma 5 Aprili. Jean, mgonjwa na akiwa na askari farasi wawili tu, alikuwa ndani ya mashua ilipozingirwa. Aliwauliza watu wake: wajisalimishe kwa mashua za sultani, au kwa walioko ukingoni? Wakachagua mashua, kwa sababu huko wangewekwa pamoja; nchi kavu wangetawanywa na kuuzwa. Mtumishi mmoja alishauri wakubali kuuawa wote waende peponi. Jean anasema hawakumsikiliza.

Baharia mmoja alimwombea uhai kwa kumtangaza kuwa binamu wa mfalme. Mwislamu mmoja alimkumbatia kiunoni na kumkinga visu kwa maneno hayo hayo, na mwingine alimpa dawa ya kunywa iliyomponya jipu la kooni kwa siku mbili. Amiri alipomuuliza kama kweli ni binamu wa mfalme, Jean alisema hapana, akaeleza uongo ulivyotokea. Amiri akasema umefanya vema. Miongoni mwa mateka alikuwemo mvulana aitwaye Barthélemy. Jean aliagizwa asimwachilie mkono kamwe, la sivyo mvulana huyo angeuawa.

Mfalme naye alikuwa ametekwa. Fidia iliyoafikiwa ilikuwa mji wa Damietta kwa ajili ya mfalme mwenyewe, na livre 400,000 kwa ajili ya watu wake, zaidi ya mapato ya mfalme ya mwaka mzima. Nusu ililipwa kabla ya kuondoka mtoni. Katikati ya shughuli hiyo Wamamluki walimuua Turanshah, na mateka nusura wachinjwe. Fedha zilipimwa kwa mizani, livre 10,000 kila mzani, Jumamosi na Jumapili. Zikapungua 30,000. Jean alitumwa kwa Mashujaa wa Hekalu, waliotunza amana za watu katika merikebu yao. Kamanda alikataa kwa hoja ya kweli: wameapa kutozitoa ila kwa wenyewe. Jean akachukua shoka na kusema hilo litakuwa ufunguo wa mfalme. Mkuu wa pili wao akaona anatumiwa nguvu, na kiapo hakivunjwi na aliyelazimishwa, akatoa funguo. Baadaye Louis aliposikia Wamisri wamepunjwa mzani mmoja aliamuru ulipwe.

Nyumba ya Akka

Kule Akka karibu makabaila wote walimshauri mfalme arudi Ufaransa. Jean alisema abaki, kwa sababu maelfu ya mateka wadogo walikuwa bado Misri na hakuna ambaye angewakomboa mfalme akiondoka. Alikumbuka onyo la jamaa yake kabla ya safari: askari farasi, tajiri au maskini, hawezi kurudi bila aibu akiwaacha watu wadogo mikononi mwa adui.

Safari hii alijadili ajira kwa hesabu. Wakuu watatu wa bendera, livre 400 kila mmoja hadi Pasaka, jumla 1,200. Livre 800 za farasi, silaha na chakula. Mfalme alihesabu kwa vidole, akasema haoni ziada, wakafunga 2,000.

Angalia alivyobadilika tangu Kupro. Oktoba ilipoanza alinunua nguruwe, kondoo, unga na mvinyo wa msimu mzima, kwa kuwa baridi ikiingia bahari huchafuka na bei hupanda. Mvinyo alinunua mapipa 100, na yaliyo bora yalinywewa kwanza. Wa watumishi ulichanganywa na maji, wa vijana wa silaha maji kidogo. Mezani kwake kila askari farasi aliwekewa chupa ya mvinyo na chupa ya maji, achanganye apendavyo. Kitanda chake kilipangwa ili kila aingiaye amwone, asije akasingiziwa habari za wanawake.

Alibaki miaka minne, mfalme akijenga ngome za Kaisaria, Yafa na Sidoni. Waliondoka Akka Aprili 1254. Alipofika Joinville alikuta watu wake wamefukarishwa na maafisa wa mfalme na wa mtawala wa Champagne, kwa kuwa bwana wao hakuwapo kuwatetea.

Mwaka 1267 Louis alijitwika msalaba tena na kumsihi waende wote. Jean, aliyempenda mfalme huyo maisha yake yote, alikataa. Alisema akiondoka tena watu wake wataangamizwa, na Mungu alimpa mwili wake awaokoe hao. Louis alikwenda bila yeye na kufia Tunis 25 Agosti 1270. Jean aliishi Joinville hadi Desemba 1317.